Polifenoli za mimea na virusi vya korona: labo inasema nini?

Katika mtaa wa Kakontwe, muji wa Likasi, sawa vile katika mitaa mingi ya Haut-Katanga, majani ya mupera, ya mwembe na ya kongobololo hayako mbali na nyumba. Tangu tarehe 10 Machi 2020, siku serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kinshasa, wakaaji wengi wanajiuliza kama majani haya yanaweza kushinda virusi.

Polifenoli ni nini?
Ni vitu ambavyo mimea inajitengenezea ili kujikinga na wadudu, ukungu na jua kali. Ule ukakasi unaoshika ulimi ukinywa chai kali ao ukitafuna jani la mupera unatokana nazo. Kuna maelfu ya aina. Kwersetini iko ndani ya kitunguu na majani ya mupera, mangiferini iko katika mwembe, luteolini katika kongobololo, na EGCG katika chai ya kijani.

Zinafanya kazi namna gani?
Virusi vya korona vina miiba. Kwa miiba hiyo vinashika mlango wa seli unaoitwa ACE2, vinaingia. Mule ndani vinatumia chombo kinachokata protini sawa makasi, ndipo vinazaana. Katika labo, kwersetini na EGCG zimeonekana zikizuia mwiba kushika mlango, ao zikiziba yale makasi.

Kwa nini hiyo haitoshi?
Katika labo, seli zinaoga ndani ya dawa. Katika mwili, tumbo linapokea kidogo tu na ini linaigeuza haraka, kwa hiyo kinachofika katika damu ni kidogo sana. Tena, polifenoli zinashikamana na protini nyingi bila kuchagua, na vipimo vinaweza kudanganya. Majani nayo hayana doze moja: udongo, msimu na muda wa kuchemsha vinabadilisha nguvu yake.

Aprili 2020, Madagascar ilitoa Covid-Organics, kinywaji chenye artemisia, mbele ya majaribio makubwa kwa watu. Septemba 2020, Shirika la Afya Duniani (OMS) na CDC ya Afrika walikubali muongozo wa kupima dawa za mimea. Huo ulikuwa njia ya kupima, haukuwa ruhusa ya kutumia. Mwaka huo huo, jaribio la Uingereza lenye wagonjwa zaidi ya 6,000 lilionyesha kwamba deksametazoni inapunguza vifo kwa wale wanaohitaji oksijeni. Hakuna polifenoli iliyofikia hapo.

Kwinini, iliyotengenezwa Bukavu, si polifenoli, lakini inaonyesha njia: gome la mti liligeuka dawa ya uhakika pale kitu kinachoponya kilipotolewa, kikapimwa na kupewa doze.

Mgonjwa afanye nini?
Chai, mapera na kitunguu ni chakula kizuri. Vidonge vyenye EGCG nyingi ni jambo lingine: mwaka 2018 wataalamu wa Ulaya walionya kwamba miligramu 800 ao zaidi kwa siku zinaweza kuumiza ini. Mwenye kunywa dawa za tansio ao za sukari asiziache juu ya majani, na amwambie munganga kile anachokunywa nyumbani.

Mtu anayepumua kwa shida, anayeumwa kifua, anayechanganyikiwa ao mwenye midomo inayogeuka bluu apelekwe hospitali mara moja. Oksijeni haichemshwi katika sufuria, na kila saa inayopotea nyumbani inaweza kugharimu maisha.