Kungumanga Katikati ya Miguu

Jumamosi moja nilikuwa kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, tumebanana kwenye mabenchi, feni moja inazunguka kivivu, kila mtu kalipa mia tano yake mlangoni. Mtangazaji alikuwa Mwingereza. Winga akapenyeza mpira katikati ya miguu ya beki, akazunguka upande wa pili, akaukuta unamsubiri. Kibanda kizima kikalipuka: "Tobo!" Mtangazaji naye akapaza sauti na neno lake. Kijana aliyekaa mbele yangu, ambaye jioni za katikati ya wiki ni mwanafunzi wangu wa Kiingereza, akageuka. "Mwalimu, 'nutmeg' si kungumanga? Hii ya kwenye halua?"

Ndiyo hiyohiyo, nikamwambia, hii inayolimwa Unguja. Akanitazama kama mtu anayehisi anataniwa. Waingereza wenyewe wanabishana mpaka leo kungumanga ilifikaje katikati ya miguu ya beki, na baadhi ya maelezo yao hayasemeki mbele ya watoto. Sisi hatukujisumbua. Tuliona upenyo, tukakumbuka kutoboa, tukasema tobo. Aliyepigwa anajua kapigwa nini, na jukwaa linajua linamcheka kwa lipi.

Nafundisha watu wazima: madereva, wauza duka, mafundi simu. Mpira ndio mlango wangu wa uani. Mtu asiyeweza kuunganisha sentensi mbili za Kiingereza atakutajia kikosi kizima cha Arsenal pamoja na majeruhi wake. Shida ni kwamba, kwa kuwa mchezo anaujua, anadhani na maneno yake keshayajua. Mmoja aliwahi kuniandikia kwamba kipa wa timu yake alilala kwenye shuka safi, kwa sababu alisikia "clean sheet", akafungua kamusi, kamusi ikampa shuka. Kumbe inayosemwa pale ni karatasi, ile ya matokeo, isiyo na doa la bao. Sikumkata maksi. Sentensi yake ilikuwa tamu kuliko ya mtangazaji.

Lakini darasa zima huamka tukifika kwenye kuotea.

Neno la Kiingereza, "offside", linasema mahali tu: umekuwa nje ya upande wako. Ni neno la mpima viwanja. Kiswahili kinasema ulichokuwa ukifanya pale. Mwindaji huotea mnyama penye maji. Paka huotea panya. Kuotea ni kuvizia, kukaa kimya mahali usipotarajiwa ukisubiri windo lijilete. Ndiyo maana mshambuliaji akinyooshewa kibendera hapa kwetu hasikii tu kwamba kasimama vibaya. Anasikia kwamba kakutwa na nia. (Na mwanafunzi aliyepata jibu kwa bahati naye tunasema kaotea, kwa hiyo jasho halimo kwa maana yoyote ile.)

Cha kufurahisha ni kwamba Waingereza nao walianzia hapohapo. Shuleni Eton, kwenye mpira wao wa zamani, kosa hili liliitwa kunyemelea, na kijana wa kiungwana alitakiwa kulionea haya. Kisha mchezo ukaandikiwa kanuni. Chama cha mpira cha England kilipoundwa London mwaka 1863, aliyekuwa mbele ya mpira alihesabiwa hayumo mchezoni. Mwaka 1866 wakaruhusu asimame mbele mradi wapinzani watatu wawe kati yake na mstari wa goli, na mwaka 1925 watatu wakapunguzwa wakawa wawili. Kila kanuni ilivyozidi kupimwa kwa hesabu, haya ikatoweka, likabaki neno la mahali. Leo Kanuni ya 11 inasema waziwazi kwamba kuwa katika nafasi ya kuotea si kosa mpaka ushiriki mchezo. Jaribu kumweleza hivyo mzee anayejua maana ya kuotea. Atakuuliza: basi alikuwa anangoja nini pale, daladala?

Mwamuzi naye ana hadithi inayofanana. Siku za mwanzo hakuwepo uwanjani kabisa. Manahodha walimaliza mambo yao wenyewe. Baadaye kila timu ikaleta msimamizi wake, na wale wawili wakishindwa kukubaliana, walipeleka shauri kwa mtu wa tatu aliyekaa nje. "Referee", ambaye sisi tumemkata tukamwita refa, ni huyo anayepelekewa shauri. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa ndani, mwaka uleule uliozaa penalti, na wale wasimamizi wawili wakasukumwa pembeni kushika vibendera. Kiswahili kilimpokea akiwa tayari ndani, kikampa kazi ya kuamua. Na kuamua kwetu si kukata shauri tu. Watoto wakishikana mashati, mama jikoni humwambia mkubwa wao, "Nenda kaamue." Mwamuzi ni mtu anayejiingiza katikati ya miili miwili. Nilikuwa naona neno letu limelishinda lao kabisa, mpaka teknolojia ya video ilipoingia Kombe la Dunia mwaka 2018. Sasa shauri linapelekwa tena kwa watu waliokaa nje.

Kufunga je? Kiingereza kinahesabu: "score" asili yake ni alama inayochanjwa kwenye kijiti ili hesabu isipotee. Kiswahili kinafunga, kama mtu anavyofunga mbuzi au mlango. Asubuhi baada ya mechi utawasikia watu wazima, wana ajira na familia, wakiambiana kwa huzuni, "Jana tumefungwa," na mgeni anayejifunza Kiswahili akaogopa kuuliza gereza gani. Beki aliyeutia mpira kwenye nyavu zake amejifunga, na sijui lugha inayosema jambo hilo kwa ukatili mkubwa zaidi. Kinachofungwa ni bao, neno lililokuwa likitumika kwenye ubao wa kete, wenye mashimo 32, kabla gozi la ng'ombe halijaonekana pwani hii.

Nadhani redio ndiyo iliyotulelea maneno mengi ya namna hii. Msikilizaji wa Songea au Kisumu alikuwa haoni kitu. Charles Hilary kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam au Leonard Mambo Mbotela kwenye Sauti ya Kenya alikuwa na sekunde mbili za kumchorea picha kabla mpira haujahama, na picha ilibidi itoke nyumbani kwa msikilizaji. Mwamba wa juu wa goli ukaitwa mtambaa panya. Lala chali katika nyumba isiyo na dari, utaiona boriti iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na usiku utamsikia mwenyewe akipita juu yake. Shuti likigonga pale, msikilizaji hakuhitaji maelezo zaidi. Mpira ukimpita mtu juu ya kichwa ukadondokea mgongoni kwake, na aliyeupiga akauwahi, basi mwenzake kavishwa kanzu. Brazil wanasema kavishwa kofia. Wao wameishia kichwani. Sisi tumemteremshia mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Televisheni haihitaji kuchora, na inasikika. Siku hizi mtangazaji wa Kiswahili anaweza kukaa dakika nzima na maneno matano ya Kiingereza yaliyopachikwa viambishi: anaiprotekti, anapresi, wanakaunta. Sisemi haya kwa kuchukia maneno ya kukopa. Kona, penalti, beki, krosi na shuti ni yetu, yameishi hapa na yamezaa. Kipa ni mkato mzuri kuliko golikipa, na wote wawili ni wepesi mdomoni kuliko mlinda mlango. Ninachokichukia ni kukopa chumvi kwa jirani ilhali yako imejaa kibuyu.

Tazama utajiri tunaoukalia. Kiingereza kina neno moja la mechi isiyo na mshindi, halafu kinaliongezea maelezo ikiwa hakuna bao. Magazeti yetu ya michezo yana mawili: bao moja kwa moja ni sare, bila kwa bila ni suluhu. Sare ni kitambaa kimoja walichoshona watu wa harusi, timu zimetoka zimevaa namna moja. Suluhu ni amani, hakuna aliyemuumiza mwenzake. Na hilo "bila" lenyewe! Mwingereza kwenye mpira anasema "nil", kwenye tenisi anasema jingine, na kwenye namba ya simu jingine tena, mwanafunzi wangu anataabika. Sisi tunasema mbili bila, tunaachia hapo, na anayeuliza bila nini hajui mpira.

Soka ni kisa kifupi. Vijana wa Oxford wa karne ya 19 walichukua neno "association", yaani chama, wakalikata katikati, wakabaki na "soccer". Leo Waingereza wanawacheka Wamarekani kwa kulitumia, kana kwamba si wao waliolizaa. Nasi tukalichukua, tukasema chama cha soka, ambacho ukikichambua kwa asili yake ni chama cha chama. Shirikisho letu la Tanzania limejinusuru, linajiita la Mpira wa Miguu.

Yapo pia maneno yaliyotoka uwanjani yakaenda mjini. Ukifuatilia faili ofisini ukatumwa dirisha la tatu, kisha la saba, kisha urudi Jumatatu, umepigwa danadana. Wanasiasa hufanya kampeni za lala salama, kama timu inayohesabu dakika za mwisho. Wanafunzi wangu hujaribu kuyavusha haya kwenda Kiingereza, na mara zote huzama katikati ya mto. Nawaambia wayaache upande huu.

Limebaki jambo moja ambalo si la utamu bali la usahihi. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022 kule Qatar, Argentina na Ufaransa walimaliza dakika 90 wakiwa 2-2, pamoja na zile zilizofidia muda uliopotea. Wakacheza nyingine 30, wakafika 3-3, Argentina ikashinda kwa penalti 4-2. Messi alifunga bao lake la pili dakika ya 108. Siku ile nilisikia kwa Kiswahili kwamba mwamuzi ameongeza "dakika za nyongeza", na nusu saa baadaye kwamba Messi amefunga katika "dakika za nyongeza". Aliyekuwa jikoni akisikiliza hakuwa na namna ya kujua kama mechi ilikuwa inaisha au inaanza upya.

Ndugu watangazaji, maneno mnayo tayari. Mwamuzi wa akiba akinyanyua ubao, semeni dakika za majeruhi, hata kama hakuna aliyeumia. Nyongeza iachieni zile 30.