Kichanja, Ndagala na Paka

Katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, dagaa huitwa ndagala. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na zamani kulipokucha walianikwa mchangani. Walichanganyika na changarawe, wakakanyagwa na watu na wanyama. Mvua ikinyesha walioza, na jasho la usiku kucha likapotea.

Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza kueneza nchini Burundi vichanja vya wavu wa waya, vilivyoinuliwa kama mita 1. Upepo hupita juu na chini, na ndagala hukauka upesi, wakiwa safi. Nasi twaona kwamba jina halikuhitaji kubuniwa: kichanja, yaani jukwaa la fito la kuanikia, ni neno letu la tangu zamani.

Hata hivyo, adui mmoja alibaki. Paka ameumbwa kukwea. Mguu wa mti kwake ni ngazi. Wala hafukuziki, maana ndiye mlinzi wa ghala dhidi ya panya, wahenga walinena, "Paka wa nyumba haingwa." Kwa hiyo kichanja kilipunguza hasara, lakini hakikuondoa haja ya jicho la mwenye kuanika.