Bakuli Lililofukuzwa Jikoni

Tarehe 19 Julai 1545, Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, ilizama karibu na bandari ya Portsmouth ikiwa na mamia ya watu. Matope ya bahari yakahifadhi mizinga, pinde, viatu na mabakuli ya mbao waliyolia mabaharia. Baadhi ya mabakuli yaliyopatikana yamekwaruzwa alama na wenyewe ili kila mtu alitambue lake.

Hayakuwa mapambo. Katika Ulaya ya zama hizo, watu wengi walikula katika vyombo vya mbao, na kila eneo lilikuwa na mafundi wakereza wa kuvitengeneza kwa wingi. Bakuli likipasuka lilitupwa motoni, likanunuliwa jingine.

Kerezo lenyewe, yaani chombo cha kuzungushia mti unapokatwa, ni la kale kuliko meli hiyo kwa karne nyingi. Mchoro wa zamani unaolionyesha waziwazi uko kwenye kaburi la kuhani Petosiris, Tuna el-Gebel nchini Misri, na ni wa karibu mwaka 300 K.K. Mtu mmoja anavuta kamba iliyozungushwa kwenye kipande cha mti, huku mwenzake ameshika chuma cha kukatia. Ulaya baadaye ilimwachisha kazi mvuta kamba. Ncha moja ya kamba ilifungwa juu kwenye mti mwembamba unaonesa, na nyingine kwenye kanyagio chini. Fundi akikanyaga, pande la mti huzunguka kumwelekea naye hukata. Akiinua mguu, mti wa juu hujinyoosha na kulirudisha pande nyuma. Chuma hula kwa mzunguko mmoja tu, na ule wa pili ni wa kusubiri.

Kilichoyaondoa mabakuli hayo mezani ni bati na udongo. Wenye uwezo walihamia kwanza kwenye vyombo vya bati. Karne ya 18, viwanda vya Staffordshire vikajaza masoko vyombo vya udongo vinavyong'aa, vilivyosafishika upesi na kuuzwa kwa bei ambayo hata mtu wa kawaida aliimudu. Wakereza wakapungua, kijiji baada ya kijiji.

Mpaka katikati ya karne ya 20, George Lailey wa Bucklebury, Berkshire, alihesabiwa kuwa wa mwisho Uingereza kuishi kwa kukereza mabakuli kwa kanyagio, kazi aliyoirithi kwa baba na babu. Kwa vyuma vilivyopinda kama ndoana, alitoa mabakuli kadhaa katika pande moja la mti wa elm, dogo likitoka ndani ya kubwa, hivyo mti haukuishia kuwa takataka za sakafuni. Mwandishi H. V. Morton alimwelezea katika kitabu chake In Search of England cha mwaka 1927, na jina la Lailey likavuma. Umaarufu huo haukumletea mwanagenzi. Alipofariki mwaka 1958, kerezo na vyuma vyake vilipelekwa kwenye makumbusho ya maisha ya vijijini mjini Reading. Miaka ya 1990 fundi Robin Wood alivichunguza, akafua vya kwake kwa kufuata mfano huo, akajifundisha mwenyewe kazi ambayo hapakuwa tena na mtu wa kumfundisha.

Kerezo lilikuwa na maisha mengine pia, mbali na jikoni. Tsar Peter Mkuu wa Urusi alikuwa na karakana yake na mhandisi wake wa makerezo, Andrei Nartov, na alikereza kwa mikono yake mwenyewe. London, kuanzia miaka ya 1790, familia ya Holtzapffel iliwauzia matajiri makerezo ya thamani kubwa yaliyoweza kuchora maua na mizunguko juu ya pembe za ndovu na miti migumu. Mti mmoja uliosifiwa sana na wakereza hao wa ridhaa ulitoka Afrika: mpingo. Kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini, na hushika mchoro mwembamba bila kumeguka.

Sanaa ya bakuli kama tunavyoijua leo ilianzia Marekani. Mwaka 1933 James Prestini, mwalimu wa hesabu karibu na Chicago, alianza kukereza mabakuli yenye kuta nyembamba kama ganda la yai. Hakuyapamba kwa lolote. Aliiacha mistari ya mti na umbo viseme. Museum of Modern Art ya New York iliyapokea, na bakuli la mbao likawekwa chini ya kioo, mahali ambapo hakuna atakayelitilia uji.

Bob Stocksdale aliingia kwa mlango mwingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikataa kupigana kwa sababu za dhamiri, akapelekwa kwenye kambi ya kazi, na huko ndiko alikoanza kukereza mabakuli. Vita ilipokwisha alihamia Berkeley, California, akatafuta miti kutoka pembe nyingi za dunia. Kila pande alilisoma kabla ya kulikata, maana mpasuo wa kwanza wa msumeno ndio unaoamua mistari itakaa wapi.

Adui wa kazi hii ni maji yaliyomo ndani ya mti. Mti mbichi hukatika kwa ulaini, lakini ukikauka hupinda na kupasuka. Kwa hiyo wakereza wengi hutoa kwanza bakuli nene, hulipaka nta sehemu zinazokauka haraka, huliacha kwa miezi, kisha hulirudisha kwenye kerezo likiwa limeshapinda na kulikereza upya. Baada ya hapo huja msasa, wa kukwaruza hadi laini kabisa, halafu mafuta au vanishi. Ed Moulthrop, msanifu majengo wa Atlanta, hakutaka kubahatisha. Aliyaloweka mabakuli yake makubwa ajabu kwenye kemikali iitwayo polyethylene glycol, inayoshika nafasi ya maji ndani ya mti ili usinywee. Mwanawe Philip, aliyekuwa mwanasheria, na mjukuu wake Matt walimfuata katika kazi hiyo.

Jiko lilipokwisha kusahauliwa, hata kasoro zikapanda cheo. Mel Lindquist na mwanawe Mark walitafuta nundu za miti na magogo yaliyoanza kuliwa na kuvu, kwa sababu kuvu huchora mistari myeusi ambayo hakuna brashi inayoweza kuiiga. David Ellsworth, katika miaka ya 1970, alipindisha vyuma vyake ili aingie kupitia tundu dogo na kukwangua tumbo la chombo asiloliona, akisikiliza sauti ili ajue ukuta umebaki na unene gani. Mwaka 1986 kikaundwa chama cha wakereza wa Marekani, naye akawa rais wake wa kwanza.

Mpingo nao umo katika hesabu hii ya vilivyokataliwa. Miti inayotoka Tanzania na Msumbiji hukatwa hasa kwa ajili ya klarineti na obo, lakini mashina yake yamejaa nyufa na mapindo, na sehemu kubwa haifai kwa ala za muziki. Mapande madogo yanayobaki huwafikia wakereza, wakayafanya vifuniko, vikasha na vishikio vya juu ya vyombo. Mti wenyewe huchukua miongo mingi kufikia unene wa kukatwa. Ndiyo maana mwaka 2009, wakati misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa ilipopata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu, wanakijiji walipata njia ya kuuza magogo yao kwa wanunuzi wanaouliza mti ulitoka wapi na nani aliruhusu ukatwe.