Gemu Lililosubiri Umeme

Mwaka 2007, kwenye uandikishaji wa wakimbizi kaskazini mwa Uganda, kijana mmoja aliona kompyuta kwa mara ya kwanza maishani. Jina lake ni Lual Mayen. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya kusini mwa Sudan, vilivyoanza 1983, naye akazaliwa safarini. Dada zake wawili walifia njiani. Familia ilipofika Uganda ilipokelewa kambini, na kambi hiyo ndiyo ikawa nyumbani kwake kwa miaka 22.

Alimwambia mama yake kwamba anakitaka kile chombo. Mama alikuwa akishona nguo, na riziki ya ushonaji kambini kila mtu anaijua. Alianza kuweka akiba, akaweka kwa miaka mitatu, mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia laptopu. Ukipiga hesabu ni kama dola nane kwa mwezi, katika mahali ambapo hata chakula hutolewa kwa mgawo. Watu wengi wanaosimulia habari za Mayen hupita haraka hapa ili wafike kwenye tuzo na jukwaa. Mimi naona mtaji wa kwanza wa gemu lake ni huu, na hakuna mfadhili mwingine aliyekuja baadaye akatoa sehemu kubwa namna hiyo ya alichonacho.

Laptopu ilikuwepo, umeme haukuwepo. Mayen alitembea kwa miguu saa tatu kwenda kuchaji, na saa tatu kurudi. Betri haijali umetoka wapi: ukishafika nyumbani, una saa chache za kazi, kisha kioo kinazima na safari inaanza upya. Kwa hiyo alijifunza kwa mafungu. Mwalimu hakuwa naye. Alikuwa na masomo yaliyorekodiwa, na kwa hayo akajifunza kuchora kwa kompyuta na kuandika programu. Gemu lililomvuta kwanza lilikuwa Grand Theft Auto: Vice City, lenye bunduki na wizi wa magari. Alilipenda. Lakini aliishi katikati ya watu waliokimbia bunduki za kweli, akaanza kujiuliza kama mchezo hauwezi kumfundisha mtu kitu kingine.

Nchi ya wazazi wake ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Desemba 2013 Sudan Kusini ikaingia tena vitani, safari hii wenyewe kwa wenyewe, na Julai 2016 mapigano yakalipuka upya Juba. Mwezi Agosti mwaka huo Uganda ilifungua makazi ya Bidibidi wilayani Yumbe. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2017, idadi ya wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda ilivuka milioni moja. Ni katika kipindi hicho ndipo lilipozaliwa gemu la Mayen, Salaam, ambamo amani ndiyo inayotafutwa.

Toleo la kwanza lilikuwa dogo, na udogo huo uliliokoa. Pale kambini intaneti ilikuwa ya kubahatisha, na bando lina bei, kwa hiyo gemu zito lisingefika popote. Watu walirushiana Salaam kwa Bluetooth, simu kwa simu. Baadaye Mayen aliliweka Facebook, na huko ndiko watengenezaji wa magemu wa nchi nyingine walikoliona.

Msomaji wa Kingolwira, mkoani Morogoro, hana haja ya kwenda Uganda kuona wakimbizi wanaweza kujenga nini wakipewa mahali na muda. Apande gari aingie Morogoro mjini, apite hadi upande wa pili, afike Mazimbu. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, chama cha ANC, shamba la mkonge lililokuwa limeachwa. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wakaongeza hospitali, karakana na mashamba. Mwaka 1992 walipokabidhi majengo na kurudi kwao, waliacha mji mzima, ambao leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tofauti yao na Mayen haikuwa kipaji. Wao walikuwa na ardhi, chama na marafiki duniani kote. Yeye alikuwa na mama.

Mayen alihamia Marekani, akaanzisha kampuni yake, Junub Games, mjini Washington. Huko alilifumua Salaam na kulijenga upya. Katika toleo jipya mchezaji ni mkimbizi anayekimbia risasi, na lazima apate maji, chakula na dawa ili aendelee. Vikimwishia, anaweza kununua kwa fedha halisi, na fedha hiyo ikakusudiwa kupelekwa kambini kupitia mashirika ya misaada. Desemba 2018, kwenye hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles, alitunukiwa mbele ya dunia nzima ya magemu.

Hapo ndipo ugumu wa aina nyingine ulipoanza. Kambini hakuna aliyemdai tarehe. Sasa waandishi waliuliza gemu linatoka lini, na mpango ukawa kulitoa kupitia Facebook. Muda ukasogea, na 2020 ikaja na korona. Kwa maoni yangu simulizi ya Mayen ilienda mbio kuliko gemu lenyewe: watu walioijua habari yake walikuwa wengi kuliko waliowahi kulishika Salaam mkononi. Si kosa lake peke yake. Vyombo vya habari vinapenda mkimbizi mwenye tuzo. Kazi ya kurekebisha programu mwezi hadi mwezi haina picha nzuri. Hata hivyo kundi dogo linalotengeneza gemu lina deni kwa wanaolingoja, nalo hulipwa kwa kuwaambia ukweli kuhusu kilichokwama, hata kama habari yenyewe haipendezi.

Na wanaongoja nao wana wajibu wao. Kama kwenu, Kingolwira au kokote, kuna kijana anayehangaika na gemu lake kwenye laptopu ya kuazima, mwombe akurushie lilipofikia. Lisakinishe kwenye simu yako, ulicheze, kisha umwambie bila kumpamba ni wapi linakwama. Na umeme ukiwepo kwako, mwache achaji.