Vijazio katika bidhaa za mkonge na plastiki: vinaongeza nini, vinapunguza nini

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kamba, nyuzi za kufungia mazao na magunia. Siku hizi nyuzi hizo huchanganywa pia na plastiki ili kutengeneza mbao za dari, vibao na sehemu za ndani za milango ya magari. Mchanganyiko huo huitwa kompositi. Mara nyingi ndani yake kuna kitu cha tatu ambacho ankara haikitaji, nacho ni kijazio.

Kijazio ni unga unaotiwa kwenye plastiki kabla haijaganda. Unaotumika zaidi ni unga wa mawe ya chokaa, halafu talki, kaolini (kama ile ya Pugu, karibu na Dar es Salaam), unga wa mbao na majivu ya maganda ya mpunga, ambayo sehemu yake kubwa ni silika.

Kiwanda hutia unga kwanza kwa sababu ya bei, maana kilo ya chokaa ni rahisi kuliko kilo ya plastiki. Hata hivyo si haki kuita kila kijazio uchakachuaji. Kikipimwa vizuri kina faida, na faida kubwa ni ukakamavu: ubao haupindi ovyo ukiwekewa uzito. Talki hufanya kazi hiyo vizuri kuliko chokaa, kwa kuwa chembe zake ni bapa na nyembamba.

Nguvu ya kuvutwa ni habari nyingine. Mzigo hubebwa na nyuzi, na plastiki ndiyo inayoupitisha kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Unga laini uliotawanyika vizuri, kwa kiasi kidogo, unaweza kuisaidia plastiki kazi hiyo. Ukizidi, chembe hushikana na kuwa madonge, plastiki haitoshi kuzilowesha nyuzi zote, na ufa huanzia pale penye donge. Kinachoporomoka mapema ni uwezo wa kuhimili pigo. Ubao unakuwa mkakamavu lakini unavunjika kama kigae ukiangushwa. Msafirishaji analijua hilo wakati wa kushusha mzigo, hata kama hajui sababu.

Kuna pia suala la maji. Mkonge hupenda maji, plastiki huyakataa, kwa hiyo viwili hivyo havishikani vyenyewe. Viwanda makini huosha nyuzi kwa soda kaustiki, au hutia kiunganishi kama anhidridi ya maleiki. Bila hatua hiyo, kuongeza unga hakusaidii sana. Unga wa madini wenyewe haunyonyi maji. Unga wa mbao hunyonya, na ubao wake huvimba kingo ukikaa kwenye unyevu.

Sasa tuje kwenye uzito, ambao unamgusa mwenye lori moja kwa moja. Plastiki ya polipropilini ina uzito wa takriban gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, mkonge 1.45 na chokaa 2.7. Ubao wenye asilimia 70 ya plastiki na 30 ya mkonge hufikia karibu 1.02. Ukiondoa asilimia 20 ya plastiki na kuweka chokaa, unafika karibu 1.20. Maana yake ni kwamba ubao wa kilo 10 unakuwa wa karibu kilo 11.8 kwa ukubwa uleule, na mbao 1,000 zinaongeza takriban tani 1.8. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo, tena kila ekseli ina kikomo chake. Aliyehesabu idadi ya mbao bila kupima anaweza kukwama mizani.

Mnunuzi aulize asilimia ya kijazio, na kama imepimwa kwa uzito au kwa ujazo, kwani tofauti ni kubwa. Aombe vipimo vya nguvu vya ubao mkavu na vya ubao uliolowekwa saa 24. Akikata kipande, madoa meupe kwenye mkato ni dalili ya madonge. Maabara nayo inaweza kuchoma sampuli: plastiki na mkonge huteketea, unga wa madini hubaki na kupimwa.

Kwa wanaovusha malighafi mpakani, kila kitu kina kifungu chake cha forodha: kaolini 2507, talki 2526, nyuzi za mkonge 5305. Karatasi za kabla ya mwaka 2007 huonyesha mkonge chini ya 5304, kifungu ambacho kilifutwa, hivyo usinakili namba kutoka kwenye faili la zamani.