Mwana wa Mhunzi Asiposana: Luninga, Mafundi wa Ridhaa na Historia ya Chuma Chetu

Mwaka 2015 chaneli ya History ya nchini Marekani ilianza kurusha kipindi cha mashindano ya uhunzi kiitwacho Forged in Fire. Mpango wake ni mwepesi na wa kuchangamsha. Wahunzi wanne huingia karakana, hupewa saa chache za kufua upanga au kisu, na baada ya kila hatua mmoja wao huondolewa. Wawili wanaobaki hurudi makwao kutengeneza silaha ya kihistoria kwa siku chache, kisha majaji huipiga kwenye vipande vya barafu, mifupa na kamba. Mshindi huondoka na dola 10,000. Kuna muziki wa kutia hofu, kuna saa inayohesabu dakika, na kuna mzaha wa hapa na pale. Ni burudani, wala haijifichi kuwa ni burudani.

Ndugu msomaji, kilichonivuta mimi, mtu wa historia, ni namna mafundi wa ridhaa walivyokipokea kipindi hiki. Ninaposema mafundi wa ridhaa ninawakusudia watu ambao mchana ni wahandisi, walimu au madereva, na jioni huwasha kalibu nyuma ya nyumba zao kwa mapenzi tu. Malalamiko yao makubwa yanahusu haraka. Kisu chema, wanasema, hakitoki ndani ya saa tatu. Chuma kikishazimwa katika mafuta huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, na hakina budi kupashwa tena kwa joto la chini na kwa subira ili kipate unyumbufu. Hatua hiyo haina cheche wala kelele, kwa hiyo luninga huipitia mbio. Wengine hulalamika kwamba watazamaji wanafundishwa kuupima uhunzi kwa nguvu ya pigo, wakati uhunzi ni kazi ya jicho linalosoma rangi ya moto.

Lakini mafundi hao hao hukiri jambo la pili: kipindi kimewaleta vijana karakanani. Wapo waliokitazama kwa kicheko Jumatano, na Jumamosi wakaenda kutafuta nyundo na fuawe.

Wanaolalamika wana msingi wa kulalamikia. Wahunzi wa Amerika ya Kaskazini waliunda chama chao mwaka 1973, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa imekaribia kufa mbele ya viwanda. Miaka mitatu baadaye Bill Moran na wenzake wakaanzisha chama cha wafua visu, chenye mtihani unaojulikana: kisu kikate kwa pigo moja kamba inayoning'inia, kikate mbao mara mbili, bado kiweze kunyoa nywele za mkono, kisha kipindwe nyuzi 90 bila kuvunjika. Mtu aliyepita mtihani kama huo ana haki ya kuikosoa luninga.

Sasa niulize swali lililonifanya niandike makala hii. Mafundi hawa wanapoiona kazi ya jadi kwenye luninga, huijadili kama uhandisi. Huuliza joto lilikuwa kiasi gani, hewa iliingia wapi, kwa nini ubapa ulipasuka. Sisi tunapoiona kazi ya wahunzi wetu wa kale, tunaijadili kama nini? Kwa desturi tunaiita utamaduni. Tunaiweka kwenye kabati la makumbusho kati ya ngoma na shanga, tunaipigia makofi, tunaondoka. Makofi ni heshima nyepesi. Heshima nzito ni kuuliza maswali.

Tuchukue mfano wa Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Nyanza. Huko Katuruka, masimulizi ya wazee yalimhusisha Mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma uliokusudiwa kufika mbinguni, na palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, na mwaka 1970 akachimba pale walipomwelekeza. Aliyoyakuta yalionyesha kwamba kazi ya chuma katika eneo hilo ni ya kale sana. Baadhi ya vipimo vilirudi nyuma hadi karne za kabla ya Kristo, na wataalamu wameendelea kubishana kuhusu umri wa vipimo vya mwanzo kabisa. Jambo moja halina ubishi: masimulizi ambayo wengi wangeyaita hekaya yalikuwa yamehifadhi ramani ya kiwanda.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa wayeyushe chuma tena. Uyeyushaji ulikuwa umekoma tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20, hivyo walioujua walikuwa wamezeeka na mikono yao ilikuwa na kutu. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani. Shimo la chini walilijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa mkaa. Mabomba ya udongo yaliingizwa ndani ya tanuri, na wavukutaji wakafanya kazi kwa zamu. Mambo hayakunyooka tangu mwanzo; wazee walijaribu, wakakosea, wakabishana wao kwa wao, wakarekebisha. Hicho ndicho kipengele ninachokipenda zaidi katika habari hii yote. Waliofanya kazi pale hawakuwa wakirudia tambiko walilolikariri. Walikuwa wahandisi wakitafuta suluhisho.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science na Schmidt pamoja na Donald Avery, profesa wa uhandisi. Hoja yao ilikuwa kwamba kwa kuwa mabomba ya udongo yaliingia ndani kabisa ya tanuri, hewa ilipata joto kabla ya kuufikia moto, na kwa njia hiyo tanuri ilifikia zaidi ya nyuzijoto 1,800. Uingereza, hewa iliyopashwa joto katika tanuri za chuma ilipata hataza mwaka 1828 kwa jina la James Beaumont Neilson. Magazeti ya Marekani yaliidaka habari hiyo kwa shangwe. Mwaka 1988 ikatoka filamu, The Tree of Iron, iliyoonyesha historia hiyo. Filamu za namna hiyo zilitengenezwa pia kwingineko barani: Banjeli nchini Togo, na kwa Wadogoni wa Mali ambao kazi yao ilionyeshwa katika Inagina.

Kisha wataalamu wengine wa metali wakajibu. J. E. Rehder, katika makala ya mwaka 1986, alihoji kama kweli hewa inayopita haraka ndani ya bomba la udongo inaweza kupata joto la kutosha kuleta tofauti hiyo. David Killick naye alitaka ushahidi zaidi. Schmidt na Avery walijitetea, na mjadala ukaendelea kwa miaka.

Wapo wanaouona mjadala huo kama njama ya kumnyima Mwafrika sifa yake. Nimekutana na msimamo huo darasani mara nyingi. Nikiuliza Wahaya waliyeyushaje chuma, jibu la kwanza ninalolipata ni tarakimu: nyuzijoto 1,800, miaka 2,000. Nikiuliza moto ule unafanya nini kwa jiwe, darasa hunyamaza. Tarakimu imekuwa nishani ya kifuani, haifunguliwi ikatazamwa ndani.

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo tunapojipunja. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538, lakini tanuri ya jadi haihitaji kufika huko. Gesi itokanayo na mkaa huinyang'anya mawe oksijeni yake. Kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, uchafu huyeyuka na kutiririka ukawa mavi ya chuma, na linalobaki ni bonge la chuma lenye matundu kama sifongo, ambalo mhunzi hulifua likashikamana. Hewa ikizidi, chuma kinarudi kuwa kutu. Ikipungua, jiwe linabaki jiwe. Kuiongoza kazi hiyo kwa saa nyingi bila kipimajoto, kwa rangi ya mwali na mlio wa mivukuto, ni elimu kubwa hata kama hewa haikupashwa joto kwa nyuzi moja. Heshima ya mhunzi wa Buhaya haitegemei hoja ya Avery kushinda. Na wanaoikosoa hoja hiyo kwa hesabu wamemtendea mhunzi huyo kama mwenzao katika fani.

Hata hivyo nina neno pia kwa mafundi wa ridhaa. Wao huupenda moto na kuisahau jamii iliyouzunguka. Katika sehemu nyingi za Afrika tanuri ilichukuliwa kama mwanamke mjamzito, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka chuma "kizaliwe". Wanawake walizuiwa kukaribia tanuri, ingawa majembe yaliyotoka humo yaliishia mikononi mwao mashambani. Kazi hiyo ilikuwa pia ya kisiasa. Huko Ugweno, katika milima ya Upare, ukoo wa wahunzi wa Washana ulitawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Jina lenyewe liko karibu na kitenzi chetu cha kale "kusana", yaani kufua chuma. Aliyemiliki nyundo alimiliki jembe na mkuki, na kwa hiyo alimiliki chakula na vita. Luninga haiwezi kutuonyesha hayo kwa kipima muda cha saa tatu.

Nini basi kiliua uyeyushaji? Jibu la kwamba wazee walisahau halitoshi. Chuma cha Ulaya kilikuja kwa wingi na kwa bei ambayo mkaa na mivukuto havikuweza kushindana nayo, na uchumi wa kikoloni ukavuta nguvu kazi kwenye mazao ya biashara, kahawa ikiwa mfano huko Buhaya. Ufuaji haukufa. Mhunzi aliacha kuyeyusha jiwe akaanza kufua chuma chakavu, na mpaka leo springi ya gari lililokufa ndiyo inayogeuka panga. Tulipoteza nusu ya kwanza ya kazi, ile ya kutoka jiwe hadi chuma, tukabaki na nusu ya pili. Tukawa mafundi wa mabaki ya viwanda vya wengine.

Watunga sera wamewahi kuliona jambo hili. Tanzania ilianzisha SIDO mwaka 1973, mwaka ule ule wahunzi wa Amerika walipoanzisha chama chao. Kenya ilitoa waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Lakini fundi wa Gerezani au Kamukunji bado anakutana na dola zaidi kwa sura ya mgambo kuliko kwa sura ya mhandisi. Katika ngao ya taifa la Tanzania pamechorwa jembe, shoka na mkuki. Vyote vitatu ni kazi ya mhunzi. Mhunzi mwenyewe hayumo.

Ninaomba mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, vyuo vya ufundi viijenge tanuri ya jadi kama zoezi la maabara, vipime joto lake, vichambue mavi yake ya chuma, na vikubali kushindwa kama wazee wa 1976 walivyokubali. Pili, makumbusho zetu ziwaite mafundi wa jua kali kusoma vifaa vilivyomo kabatini, kwa sababu wao wataona nyufa na viungo ambavyo mwanahistoria kama mimi havioni.

Wilayani Ludewa kuna mlima wa Liganga wenye mawe ya chuma ambayo serikali imeyazungumzia kwa miongo mingi. Wilaya hiyo hiyo ni nchi ya Wapangwa, watu walioyeyusha chuma kabla ya serikali yoyote ya kisasa kuchora mpango wa mradi. Sidhani kama kuna mpango uliowahi kuanza kwa kuuliza wao walifanyaje.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake, urithi wa kazi haukuachi ukae kando: usipoweza kushika nyundo, utashika mvukuto. Sisi tumechagua nafasi ya tatu ambayo methali haikuitaja, ile ya kukaa mbele ya luninga na kushangilia.