Grafu katika masomo ya shule (Tarbaj, Kaunti ya Wajir)

Grafu ni mchoro unaoonyesha takwimu kwa nguzo, mistari, duara au umbo jingine. Katika shule za sekondari za Kenya, jina moja la mchoro huweza kuwa na kanuni tofauti katika Hisabati, Jiografia na sayansi. Mwanafunzi akibeba kanuni ya somo hili hadi mtihani wa somo lile, alama humponyoka. Tarbaj tatizo hili huuma zaidi: watoto wengi huzungumza Kisomali nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza, basi istilahi hizi huzisikia darasani pekee.

Mvua ya eneo hili huja kwa misimu miwili, gu kuanzia Machi hadi Mei na deyr kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mwalimu wa Jiografia huichora kwa nguzo 12, moja kwa kila mwezi, kisha juu yake hupitisha mstari wa halijoto. Urefu wa nguzo ndio milimita. Nguzo zikigusana au zikiachana, habari ni ileile. Kwa mwalimu wa Hisabati hilo ni jambo kubwa. Nguzo zinazogusana ni histogramu, na humo kinachosomwa ni eneo la nguzo. Tuseme kaya 12 huteka maji umbali wa kilomita 5 hadi 10, na kaya 12 nyingine kilomita 10 hadi 20. Idadi hugawanywa kwa upana wa kundi: nguzo ya kwanza hufika 2.4, ya pili 1.2 tu, ingawa kaya ni sawa. Mwanafunzi aliyetoka kuchora mvua atazichora kwa kimo kimoja, na ni haki yake kushangaa akikosolewa.

Mistari nayo ina mambo yake. Bei ya mbuzi ya kila mwezi huunganishwa nukta kwa nukta kwa rula, na ndivyo Jiografia inavyotaka, kwa sababu kila bei ni habari iliyojitosheleza. Katika Fizikia, springi ikining'inizwa mizigo, nukta ni vipimo vyenye kasoro ndogondogo. Mstari mmoja ulionyooka hupitishwa katikati yake, nyingine zikibaki juu, nyingine chini. Biolojia mara nyingi hutaka mkunjo laini.

Grafu ya nguzo hunasibishwa na Mskoti William Playfair, katika kitabu chake cha 1786. Jina la histogramu lilitolewa na Karl Pearson miaka ya 1890. Mwaka 2016 chama cha walimu wa sayansi cha Uingereza, ASE, kilichapisha mwongozo wa kupatanisha lugha ya Hisabati na ya sayansi. Mwongozo wa namna hiyo ungefaa sana katika vyumba vya walimu vya Wajir.

Piramidi ya umri na jinsia ni ya Jiografia, ingawa mtu wa Hisabati huona humo histogramu mbili zilizolazwa na kupeana migongo. Mwezi Agosti 2010, serikali ilipofuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba mgawanyo wa umri na jinsia haukufuata kawaida. Wajir Mashariki, ambamo Tarbaj ilimegwa baadaye kuwa eneo bunge, ilikuwa mojawapo ya wilaya hizo, na uamuzi huo ulipingwa mahakamani.